Jaribio la saratani kwenye kitengo cha chuo: la kwenu, la mtandao, au la kampuni?

Kitengo cha utafiti cha chuo kikuu kikishapata daktari wa saratani, maabara inayotoa majibu ya damu siku hiyohiyo na mfamasia aliyezoea dawa za saratani, hakikai sana kabla ya kuulizwa: mnaanza lini majaribio ya tiba? Uganda swali hili lina historia ndefu. Mwaka 1967 kilifunguliwa pale Mulago kituo cha kutibu limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, kwa ushirikiano wa Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Kituo hicho, kilichowapima dawa watoto wenye limfoma ya Burkitt, ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda, UCI.

Leo njia ziko tatu. Mnaweza kuandika jaribio lenu wenyewe na kulitafutia ruzuku. Mnaweza kuwa kituo kimojawapo cha mtandao wa utafiti wa kimataifa unaofanya jaribio moja katika nchi kadhaa. Au mnaweza kufanya jaribio la kampuni ya dawa, ambalo mara nyingi linakuja kupitia kampuni ya kati iliyokodiwa kulisimamia. Ulinganisho huu ni kwa wakuu wa vitengo, watafiti wakuu na waratibu wa Kampala, Mbarara, Gulu na kwingineko wenye barua mbili au tatu mezani na watu wa kutosha jaribio moja tu.

Vigezo

Njia zote tatu tunazipima kwa mambo yaleyale: swali ni la nani, nani mdhamini, vibali vinapita wapi, fedha zinaingiaje, dawa inafikaje kwenye mshipa wa mgonjwa, sampuli na data zinalindwaje, na mshiriki anabaki na nini. Kigezo cha mdhamini ndicho kizito kuliko vyote. Ndicho pia kinachopitwa harakaharaka kwenye kikao cha kwanza, kwa sababu macho ya wote yako kwenye bajeti.

Swali ni la nani

Jaribio lenu ndilo pekee linalowaruhusu kuuliza swali lisilo na soko. Chukua saratani ya mlango wa kizazi. Wagonjwa wengi hufika uvimbe umeshabana mirija ya mkojo na figo zimeanza kushindwa, kwa hiyo sisplatini, dawa inayoambatana na mionzi, haiwafai. Itumike dawa gani nyingine ya bei nafuu, kwa kipimo gani, kwa mwanamke ambaye pia anameza dawa za kufubaza VVU? Kampuni haina sababu ya kulipia jibu hilo, kwa kuwa dawa zinazohusika zimeshamaliza muda wa hataza. Asipouliza mtu wa hapa, swali halitaulizwa.

Hata hivyo, swali zuri lisilo na hesabu ya washiriki ni hasara kwa wagonjwa. Kwa jaribio dogo la awamu ya pili, linaloangalia kama tiba inaonyesha dalili ya kufanya kazi, muundo wa hatua mbili wa Simon unabebeka. Tuseme tiba ya kawaida inapunguza uvimbe kwa asilimia 20 ya wagonjwa na mnatarajia mpya ifike asilimia 40. Kwa uwezo wa asilimia 80 (nafasi ya kuigundua nafuu iliyopo kweli) na kiwango cha makosa cha asilimia 5 (nafasi ya kuona nafuu isiyokuwepo), mnaanza na washiriki 13. Wakipata nafuu watatu au pungufu, mnafunga. Wakizidi watatu, mnaendelea hadi 43, na tiba inahesabiwa kuwa na maana pale tu watakapopata nafuu 13 au zaidi. Kulinganisha makundi mawili ni mzigo mwingine kabisa. Kupandisha walio hai baada ya mwaka mmoja kutoka asilimia 50 hadi 65, kwa uwezo uleule, kunahitaji takriban washiriki 167 kila kundi. Ukiongeza mmoja kati ya kumi anayepotea, wanakuwa 186 kila kundi, 372 kwa jumla. Kliniki inayoandikisha watu wanne kwa mwezi itahitaji zaidi ya miaka saba, na ruzuku nyingi hazidumu hivyo.

Hapo ndipo mtandao unapoonyesha nguvu yake. Jaribio la A5263/AMC-066, lililolinganisha tiba za sarkoma ya Kaposi iliyosambaa kwa watu wenye VVU, liliandikisha watu kutoka vituo vya Brazil, Kenya, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Hakuna kituo kimoja kati ya hivyo ambacho kingelimaliza peke yake. Kundi la etoposaidi ya kumeza lilifungwa mapema baada ya kamati huru ya usalama kuona linashindwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yaliipa paklitakseli ushindi. Swali lilikuwa la Afrika hasa, ingawa kila neno la itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa jaribio, lilijadiliwa na watu wengi. Kituo kipya kinapewa itifaki iliyokwisha kuandikwa. Kituo kilichokaa miaka kadhaa na kuleta data safi hupata kiti kwenye kamati inayoandika ijayo.

Itifaki ya kampuni imefungwa. Faida yake ni kwamba inaleta dawa mpya ambazo mgonjwa wa hapa asingeziona kwa miaka mingi. Kasoro zake zinajificha kwenye vigezo vya kuingia. Itifaki nyingi zinataka nyutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi, zisipungue 1.5 × 10⁹ kwa lita, ilhali baadhi ya watu wa asili ya Afrika, hasa wale wasio na alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, huwa chini ya hapo wakiwa wazima kabisa. Nyingine bado zinawaondoa watu wenye VVU, ijapokuwa mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwongozo Julai 2020 wa kuwajumuisha. Haya yaulizwe kwenye fomu ya awali ya kupima uwezo wa kituo. Mkataba ukishasainiwa, hakuna atakayebadilisha itifaki ya nchi thelathini kwa ajili ya Kampala.

Na mkijaza fomu hiyo, msinakili idadi ya wagonjwa kutoka rejista. Chukueni mafaili ya miezi sita iliyopita, pitisheni kila kigezo kwa kila faili, hesabuni wanaobaki, kisha gaweni kwa mbili kwa ajili ya wasiokubali, wanaofariki mapema na wasiorudi. Idadi hiyo itaonekana ndogo, lakini mtaweza kuitimiza.

Nani mdhamini

Kwa mujibu wa mwongozo wa kimataifa wa utendaji bora wa majaribio, ambao toleo lake la ICH E6(R3) lilipitishwa Januari 2025, mdhamini ni yule anayebeba dhima ya kuanzisha, kusimamia na kupanga fedha za jaribio. Yeye ndiye mwenye bima ya washiriki, mwenye kuhakikisha ubora wa dawa, mwenye kutuma wafuatiliaji, mwenye kuwaarifu wadhibiti kuhusu madhara, na mwenye kuamua kusimamisha.

Katika jaribio la kampuni na la mtandao, mdhamini yuko kwingine na ninyi ni kituo. Katika jaribio lenu, chuo ndicho mdhamini, hata kama fedha zimetoka nje. Mtoa ruzuku si lazima awe mdhamini. Someni mkataba wa ruzuku mstari kwa mstari, mjue jina la nani limeandikwa hapo.

Tazameni tukio moja. Mshiriki amepata mzunguko wa pili wa dawa Jumatatu. Baada ya siku tisa, saa nane usiku, analazwa hospitali ya wilaya kule Masaka akiwa na homa ya nyuzi 39 na nyutrofili zimekwisha. Kituo kinapaswa kumwarifu mdhamini ndani ya saa 24 tangu kujua. Tukio likiwa halikutarajiwa, linahusishwa na dawa, na limeua au kuhatarisha maisha, kanuni za ICH zinampa mdhamini siku 7 kuwaarifu wadhibiti; yaliyo makubwa lakini hayahatarishi maisha yana siku 15. Kamati ya maadili ina muda wake pia, nao umeandikwa kwenye barua ya kibali. Katika jaribio la kampuni, muuguzi anajaza fomu, anaituma, na daktari wa usalama wa kampuni anaamua kama ni tukio la kutarajiwa. Kwenye mtandao ni hivyohivyo, ila ofisi ya usalama inaweza kuwa imelala kwa tofauti ya saa, kwa hiyo namba ya dharura ijaribiwe kabla ya mshiriki wa kwanza. Katika jaribio lenu, ninyi ndio mnaojaza, ninyi ndio mnaopokea, ninyi ndio mnaoamua. Hivyo lazima awepo daktari mwingine, asiyemtibu mshiriki huyo, aliyeteuliwa kwa maandishi kupima matukio. Mtafiti mkuu akijipima mwenyewe, hata akiwa mwadilifu namna gani, mkaguzi hatalikubali.

Vibali vinapita wapi

Njia ya vibali ni moja kwa wote. Kwanza kamati ya maadili iliyoidhinishwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Kisha usajili wa UNCST wenyewe, ambao maombi yake yanapita kwenye mfumo wa intaneti wa NRIMS. Kisha cheti cha jaribio kutoka Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Halafu barua ya uongozi wa hospitali. Jaribio lisajiliwe hadharani, kwa mfano kwenye rejista ya majaribio ya Afrika, PACTR, kabla ya mshiriki wa kwanza. Mkipokea fedha za serikali ya Marekani, taasisi iwe na FWA iliyo hai, yaani ahadi kwa serikali hiyo ya kuwalinda washiriki.

Tofauti ni nani anaandaa karatasi. Kampuni inaleta jalada la dawa likiwa kamili, lakini mkataba wake unaweza kukaa ofisi ya mwanasheria wa chuo muda mrefu kuliko vibali vyote, hasa vipengele vya fidia na haki ya kuchapisha. Mtandao unaleta karatasi nusu, nanyi mnaziweka katika mazingira ya hapa. Katika jaribio lenu, kila ukurasa ni kazi yenu, na NDA itataka kujua dawa imetoka kiwanda gani hata kama ni ya zamani.

Panapoharibika mara nyingi ni karatasi ya ridhaa. Jaribio la Kampala linaweza kuhitaji Kiingereza, Kiganda, Kinyankole, Kiacholi na Kiswahili, kwa kuwa kuna wagonjwa kutoka Kongo na kambi za Nakivale na Kyangwali ambao Kiganda hawakijui. Sentensi moja ikibadilika kwenye itifaki, nakala zote hizo zinabadilika, zinatafsiriwa upya, zinarudishwa Kiingereza na mtu mwingine ili kuhakiki, zinagongwa muhuri wa kamati, na zinapewa namba mpya ya toleo na tarehe. Kisha asubuhi moja muuguzi anafungua droo ya kliniki na kukuta toleo la 2.0 la Kiganda limebaki chini ya toleo la 3.0. Mshiriki anasaini la zamani, na huo ni ukiukaji wa itifaki. Dawa yake ni rahisi: siku kibali kipya kinapofika, mtu mmoja mwenye jina lililoandikwa anakusanya nakala zote za zamani, anaacha moja kwenye jalada ikiwa imepigwa mstari, na zilizobaki anaziharibu na kuandika idadi. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti, na tarehe aiandike shahidi mwenyewe.

Fedha

Ruzuku ya jaribio lenu inakuja kwa mafungu na imepangwa mapema, kwa hiyo mishahara ni ya uhakika hadi iishe. Ila vitu vinavyosahauliwa vinauma: bima ya washiriki, mfuatiliaji wa nje, kamati huru ya usalama, ada za kamati ya maadili, UNCST na NDA, picha za CT zisizo sehemu ya matibabu ya kawaida, na kulaza mgonjwa aliyedhurika.

Mtandao unalipa gharama za msingi za kituo pamoja na malipo kwa kila mshiriki. Hatari yake ni siasa za mbali. Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kusimamisha utaratibu wa ruzuku ndogo zinazopitia taasisi za Marekani kwenda nje hadi utaratibu mpya uwekwe, na vitengo vilivyokuwa na mfadhili mmoja vikajikuta havina pa kushika. Kitengo kinachoingia kwenye mtandao wa utafiti kiwe na akiba ya kuwalipa wauguzi na kuwafuatilia washiriki walioanza dawa, hata miezi michache tu.

Kampuni inalipa vizuri zaidi kwa kila ziara, lakini inalipa baada ya kazi, mara nyingi kwa robo mwaka, na sehemu inazuiwa hadi data isafishwe. Kituo kidogo kinaweza kuwa kimefanya kazi nzuri na bado kikakosa nauli za wiki ijayo. Ombeni malipo ya kuanzia yasiyorudishwa, malipo ya famasia, malipo kwa waliopimwa wakakosa sifa, na malipo ya kuhifadhi kumbukumbu. Hilo la mwisho si dogo: sheria ya Umoja wa Ulaya inataka jalada kuu la jaribio lihifadhiwe miaka 25, na mdhamini anayelenga soko hilo anaweza kuwataka ninyi pia mhifadhi hivyo. Chumba kikavu kisicho na mchwa kwa robo karne kina gharama, nayo iandikwe kwenye mkataba.

Dawa

Hapa ndipo jaribio linapokutana na mwili wa mtu, na hapa hatupendekezi kubana matumizi hata kidogo.

Katika jaribio lenu dawa ni ya kununua. Kishawishi ni kutumia zilizopo kwenye duka la hospitali, hadi zinakwisha katikati ya mzunguko wa tatu. Hesabu ya akiba ianze kwa mtu mmoja. Mwanamke wa sentimita 160 na kilo 50 ana eneo la mwili la takriban mita za mraba 1.49: zidisha urefu kwa uzito, gawa kwa 3600, tafuta kipeuo cha pili. Paklitakseli ya miligramu 175 kwa mita ya mraba inakuwa kama miligramu 261, yaani vichupa vitatu vya miligramu 100 kila mzunguko, 18 kwa mizunguko sita. Mshiriki asiandikishwe mpaka vichupa vyake 18 viwe rafuni kwa jina lake. Paklitakseli pia haipaswi kupitishwa kwenye mpira wa dripu wa plastiki ya PVC, na inataka kichujio cha mikromita 0.22 karibu na mshipa. Mipira hiyo ihesabiwe pamoja na dawa, maana dawa bila mpira wake haitumiki.

Uzito wenyewe una mitego. Tumbo lililojaa maji linaongeza kilo ambazo si za mwili. Mtu aliyekonda ana kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu) ya chini kwa sababu misuli imeisha, na fomula itadhani figo zake ni bora kuliko zilivyo. Kwa kaboplatini, ambayo kipimo chake ni AUC, yaani kiasi cha dawa kinacholengwa kwenye damu, ukizidisha na kiwango cha uchujaji wa figo kilichoongezwa 25, kosa hilo linampa dawa nyingi kupita kiasi. Ndiyo maana kiwango cha uchujaji hakiruhusiwi kuzidi 125 kwenye hesabu: kwa AUC 5, dozi ya juu kabisa ni miligramu 750. Itifaki yenu iyaseme haya waziwazi. Itifaki za mtandao na kampuni kwa kawaida zinayasema, ila mfamasia wa kituo ndiye anayemwona mgonjwa, hivyo aruhusiwe kusimamisha dozi na kuuliza.

Vinkristini, dawa nyingine ya saratani, iandaliwe katika aina zote tatu za majaribio kwenye mfuko mdogo wa maji ya dripu, kamwe isiwe kwenye sindano. Ikidungwa uti wa mgongo kwa makosa inaua, na Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari hiyo mwaka 2007.

Dawa ya kampuni ina masharti yake. Inafika Entebbe na kibali cha NDA cha kuingiza, mara nyingi inakaa nyuzi 2 hadi 8, na kipimajoto kinarekodi njia nzima. Umeme ukikatika na jokofu likapanda hadi nyuzi 11 kwa saa mbili, msiitupe na msiitumie. Itengwe kwenye jokofu lingine likiwa na karatasi ya kuzuia, rekodi itumwe, na jibu lisubiriwe kwa maandishi. Kila kichupa kihesabiwe, hata kitupu, mpaka cheti cha kuteketeza kipatikane. Mtandao unafanana na kampuni hapa, na kwa kitengo kinachojifunza, nidhamu ya famasia inayopatikana kwenye mtandao wa utafiti ina thamani kuliko fedha zake.

Kuhusu mionzi tuseme kwa kifupi. Mwaka 2016 mashine pekee ya kobalti ya Mulago iliharibika, na mpya ikaanza kazi baada ya karibu miaka miwili. Hali sasa ni nzuri kuliko ile, ila jaribio lenye mionzi liandike mapema mshiriki atapelekwa wapi mashine ikisimama.

Sampuli na data

Kipande cha nyama kilichokaa vibaya hakitengenezeki tena. Kiingie kwenye fomalini yenye bafa ya asilimia 10 ndani ya saa moja tangu kukatwa, fomalini iwe mara kumi ya ujazo wa kipande, na kikae humo kati ya saa 6 na 72 ikiwa mnapima vipokezi vya homoni na HER2 (protini inayosaidia kuchagua tiba) vya saratani ya titi. Kosa la kawaida ni upasuaji wa Ijumaa jioni: kipande kinakaa chumba cha upasuaji hadi Jumatatu, muda unapita, na majibu ya HER2 hayaaminiki. Jaribio lenu linaweza kukataza vipande vya Ijumaa. La kampuni linaweza kukataza pia, na pia litakataa kulipia.

Seramu na plazma zinazokwenda nje zinahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli na kibali cha UNCST. Zinafungwa kwa tabaka tatu chini ya alama ya UN3373, na barafu kavu chini ya UN1845, kwenye sanduku linalopumua. Ukilifunga bila hewa, gesi italipasua. Jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri liwe na jenereta inayojaribiwa kila wiki kwa kuzima umeme kwa makusudi, na kila sampuli igawanywe kwenye majokofu mawili. Kampuni na mtandao hulipia haya. Kwenye jaribio lenu, ujasiri wa kusema "hatutahifadhi sampuli tusizo na mpango nazo" unaokoa fedha nyingi.

Kwa data, REDCap, programu ya kukusanya data za utafiti, haina malipo ya leseni kwa vyuo vilivyojiunga na inatosha majaribio mengi ya chuo, alimradi kuna mtu wa kuisimamia na nakala ya akiba nje ya jengo. Mtandao na kampuni wana mifumo yao, nanyi mnajaza tu na kujibu maswali. Tofauti kubwa ni ukaguzi: mfuatiliaji wa kampuni anakuja mara kwa mara na kulinganisha kila namba na chanzo chake.

Chanzo hicho ndicho kinachowatesa watu. Wagonjwa wengi hubeba maelezo yao ya matibabu kwenye daftari la shule wanalokwenda nalo nyumbani. Daktari wa wilaya akiandika humo kwamba mgonjwa aliongezewa damu, ushahidi unaondoka na daftari kwenye teksi. Kila ziara daftari lipigwe nakala, nakala isainiwe na kuandikwa tarehe kwamba ni sawa na asili, na iingie kwenye faili. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inahusu nakala hizo pia.

Mshiriki anabaki na nini

Kwa njia zote, nauli irudishwe siku ileile, mkononi au kwenye simu, na iwatoshe wanaotoka Arua au Kisoro. Fomu ya kumtafuta mshiriki iwe na namba tatu za simu za watu tofauti, jina la mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na alama ya karibu kama msikiti, kanisa au senta ya biashara. Ukipoteza washiriki kumi, hujui kama dawa iliwaponya au iliwaua.

Baada ya jaribio, kampuni iulizwe kwa maandishi: waliofaidika wataendelea kupewa dawa hadi lini? Mtandao mara nyingi unapima dawa zinazoweza kupatikana, kwa hiyo jibu ni rahisi kidogo. Jaribio lenu, likitumia dawa za bei nafuu, ndilo linaloweza kubadili mwongozo wa tiba wa UCI moja kwa moja.

Kwa hali yenu

Kama hamjawahi kufanya jaribio la dawa hata moja, na mnaye mratibu mmoja na muuguzi mmoja, tafuteni nafasi ya kuwa kituo cha mtandao. Mtafunzwa, mtakaguliwa, na makosa yenu yatashikwa na watu wenye nia ya kuwarekebisha. Msiingie bila mfamasia wa pili. Wa kwanza atakwenda likizo.

Kama mna wagonjwa wengi wa aina moja ya saratani, famasia imara, umeme wa akiba na ofisi ya fedha inayoweza kusubiri malipo miezi mitatu bila kuyumba, jaribio la kampuni linawafaa, na mapato yake yanaweza kulipa mishahara ya watu mtakaowahitaji baadaye. Kataeni itifaki ambayo kundi lake la kulinganisha linapewa chini ya tiba inayotolewa UCI leo.

Kama mna swali linalowasumbua kliniki kila wiki, mtakwimu wa kweli aliyekaa nanyi tangu rasimu ya kwanza, na chuo kilichokubali kwa maandishi kuwa mdhamini, andikeni jaribio lenu. Anzeni na kundi moja, hatua mbili, dawa zilizosajiliwa tayari. Kama chuo hakijakubali udhamini, tafuteni chuo mwenza cha kuubeba, au subirini.

Kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu mwenye miaka mitatu na nusu, jaribio la makundi mawili si lake. Afanye utafiti wa ndani ya jaribio linaloendelea, kwa kibali cha mdhamini, akitumia sampuli na data zinazokusanywa tayari.

Na kwa kitengo kinachotaka njia mbili kwa pamoja, inawezekana iwapo majaribio hayagombei wagonjwa walewale. Yakigombea, andikeni kabla ya kuanza ni lipi linaulizwa kwanza kwa kila mgonjwa, kamati ya maadili iione karatasi hiyo, na ibandikwe kliniki pale muuguzi anapopokea mafaili ya asubuhi.